Ile hadithi ya wanyama wa zizini waliotoroka usiku: "asiye na sauti" alikuwa nani?

#1 Mama Nuru wa Mbagala
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaokumbuka hadithi za utotoni, maana mtoto wa miaka 6 kanibana.

Juzi umeme ulikatika huku kwetu, simu haina chaji, nikaamua kumsimulia hadithi aliyokuwa akitusimulia bibi yetu Maneromango, kule Kisarawe, tukienda likizo miaka ya 90. Bibi alikuwa anaanza "Paukwa!", sisi "Pakawa!", halafu "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa", ndipo anaingia.

Zizi liko ukingoni mwa msitu. Ndani wamo punda, mbuzi, kondoo, mbwa mzee, bata, jogoo, na kuku mwenye vifaranga. Mwenye zizi kaenda ngomani kijiji cha pili, mlango kaufunga kwa kamba kwa nje. Usiku wa manane jogoo aliyelala juu ya boriti anaona hatari inakuja, anawika si saa yake. Kila mnyama anajaribu kutoka kivyake anashindwa. Wakishashirikiana kamba inakatika, wanatoka mbio gizani mpaka juu ya kilima. Kule juu punda anawahesabu kwa wimbo:

Mwenye kwato yumo? Yumo!
Mwenye mbawa yumo? Yumo!
Mwenye meno yumo? Yumo!
Asiye na sauti yumo?

Hapo kimya. Bibi naye alikuwa ananyamaza kabisa, tunasikia nyenje tu huko nje. Wanagundua wamemwacha mmoja, wanarudi wote kumfuata.

Nuru kaniuliza, "Mama, asiye na sauti ni nani?" Nikakwama. Mimi hapo siku zote nilikuwa nimeshalala, nabebwa na kupelekwa kitandani. Sijui alikuwa nani, sijui hatari yenyewe ilikuwa nini, wala nani aliikata kamba. Bibi alifariki 2009. Anayeijua anisaidie, kila usiku naulizwa.

#2 Kijana wa Gongo la Mboto
Umenikumbusha mbali sana dada. Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

#3 Bwana Mifugo Tabata
Dada hilo ni jepesi, ni bata. Bata tunaofuga Dar wengi ni wale wenye nyama nyekundu usoni, asili yao Amerika ya Kusini. Hawapigi kelele kama bata wa kwenye katuni. Dume ukimkaribia anapuliza tu, hhhh hhhh, kama mtu mwenye pumu, mkia unatikisika. Jike analia kidogo akiwa na vifaranga, basi. Zizini kwangu ukizima taa unawasikia wote isipokuwa bata.

#4 Mwalimu Chanika
Bwana Mifugo, kwa heshima nakupinga. Bata ana mbawa, kwa hiyo alishahesabiwa kwenye mstari wa pili. Mimi nasema kondoo. Siku ya Iddi ya kuchinja mbuzi akikamatwa mtaa mzima unajua. Kondoo analazwa, kisu kinapita, hajasema neno. Wazee waliliona hilo ndiyo maana wakamwita asiye na sauti.

#5 Kijana wa Gongo la Mboto
Mwalimu na wewe umejifunga. Kondoo ana kwato, alishahesabiwa mstari wa kwanza 😂

#6 Dada wa Temeke
Ndio hapo sasa. Mtu asiye na kwato, asiye na mbawa, asiye na meno, asiye na sauti. Mimi hicho nakiona ni kitendawili kabisa, na jibu lake ni YAI. Nani zizini hana vyote hivyo? Waliacha mayai kwenye kiota.

#7 Mwalimu Chanika
Dada, mleta uzi kasema kuku alikuwa na vifaranga. Kuku mwenye vifaranga ameshaangua, mayai yametoka wapi?

#8 Dada wa Temeke
Mwalimu, hujawahi kuona kuku anaangua nane, mawili yanabaki? Nyumbani mama alikuwa anayaweka sikioni. Likigonga ndani analirudisha chini ya kuku, lisipogonga analitupa. Yai ambalo bado halijagonga ndilo lisilo na sauti.

#9 Bwana Mifugo Tabata
Hilo la kusikiliza yai ni kweli. Kifaranga huanza kulia na kugonga ndani kama siku moja kabla ya kutoka, siku ya 20 hivi, maana kuku huatamia siku 21. Lakini bado nashikilia bata.

#10 Mrufiji Asilia
Kobe. Hana meno kweli, mdomo wake ni kama wa ndege. Kwato hana, mbawa hana, sauti hana. Na ndiye anayekwenda polepole, lazima abaki nyuma.

#11 Dada wa Temeke
Kobe wa zizini umemwona wapi mkuu? Hakutajwa kwenye orodha.

#12 Mrufiji Asilia
Asiye na sauti huwa hatajwi kwenye orodha. Ndiyo maana walimsahau.

#13 Kijana wa Gongo la Mboto
Hapo Mrufiji kapiga pazuri, naomba mtu ajibu hilo.

#14 Baharia Mstaafu Kurasini
Salaam kwenu nyote. Nimekaa melini miaka mingi na hadithi hii nimekutana nayo mbali. Kuna safari tulitia nanga Bremerhaven, Ujerumani, tukapanda treni mpaka Bremen. Pembeni ya jengo la serikali ya mji kuna sanamu ya shaba: punda chini, mbwa kampanda punda, paka kampanda mbwa, jogoo kileleni. Watu wanashika miguu ya mbele ya punda kuomba heri mpaka imeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, huku mwili uliobaki ni mweusi. Aliyeichonga ni Gerhard Marcks, iliwekwa 1953.

Hadithi yenyewe waliichapa wale ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, mwaka 1819. Wanyama wanne wamezeeka, mabwana zao wanataka kuwaua, wanatoroka. Usiku wanaiona nyumba ya wezi, wanapandana dirishani na kulia wote kwa pamoja, wezi wanakimbia. Nilisimama pale nikasema moyoni, hii si ndiyo ya kwetu? Bibi yako Maneromango aliipata kwa Wajerumani, mwanangu. Punda yupo, mbwa mzee yupo, jogoo aliye juu yupo.

#15 Mama Nuru wa Mbagala
Shikamoo mzee. Asante sana, nimepata kitu kipya cha kumwambia Nuru. Lakini ya bibi hakukuwa na wezi wala paka.

#16 Baharia Mstaafu Kurasini
Marahaba binti. Hadithi ikivuka bahari hubadilisha nguo.

#17 Mwalimu Chanika
Namuunga mkono mzee na naongeza. Maneromango palikuwa na misheni ya Walutheri kutoka Berlin tangu miaka ya 1890, na shule. Watoto walifundishwa kusoma na Wajerumani wakati huo Dar ndiyo makao makuu yao. Bibi wa mleta uzi angeweza kuipata kwa mama yake, mama akaipata shuleni.

Tena kuna ushahidi mwingine: punda. Pwani yetu ilikuwa na ndorobo, mifugo mikubwa ilikuwa inakufa. Wazaramo wengi walikuwa na kuku, bata, mbuzi wawili watatu. Zizi lenye punda Kisarawe miaka hiyo ni jambo la kushangaza, kwa hiyo punda kaja na hadithi.

#18 Msomaji wa Kariakoo
Mwalimu, punda wa pwani si mgeni kiasi hicho. Askofu Edward Steere alikusanya hadithi Unguja na kuzichapa London 1870, miaka mingi kabla ya Mjerumani hajatua, na humo mna kisa cha punda wa dobi. Nyani anamsimulia papa baharini habari za punda asiye na moyo wala masikio. Punda alikuwa mjini Unguja anabeba mizigo na nguo za dobi. Si lazima aje na Grimm.

Halafu kile kisa cha nyani na papa chenyewe kimetoka India, kikapita kwa Waajemi na Waarabu katika Kalila na Dimna, kule kwao nyani yuko na kobe. Kwenye kitabu hichohicho kuna njiwa walionaswa kwenye wavu mmoja. Kila mmoja akihangaika kivyake wavu unakaza. Kiongozi wao akawaambia waruke wote kwa mpigo, wakaondoka na wavu wote mpaka kwa rafiki yao panya, akaukata kwa meno. Na kiongozi akamwambia panya aanze na wenzake, yeye wa mwisho. Soma tena hadithi ya Mama Nuru: kila mmoja kivyake anashindwa, wote pamoja wanaweza, kuna kamba na meno. Mimi naona hiyo ipo karibu kuliko ya Bremen.

#19 Kijana wa Gongo la Mboto
Hivi wakuu hii si ndiyo Shamba la Wanyama? Tulikuwa nayo maktaba ya shule.

#20 Msomaji wa Kariakoo
Hapana mdogo wangu. Hiyo ni ya George Orwell, Mwingereza, 1945, na Fortunatus Kawegere akaitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka 1967. Humo wanyama wanamfukuza mwenye shamba, wao hawakimbii. Tena ni kitabu cha siasa cha watu wazima.

#21 Kijana wa Gongo la Mboto
Asante kaka.

#22 Mama wa Kinyerezi
Mimi naomba tuzungumzie kamba, maana hapo nina ushahidi. Aliyekata ni MBUZI. Nilikuwa na mbuzi jike namfunga kwa kamba ya katani kwenye mwembe. Asubuhi tatu mfululizo namkuta kwa jirani kwenye mchicha. Nikadhani vijana wa mtaani wananichezea. Siku ya nne nikakaa dirishani na tochi. Alikuwa ameilaza kamba upande mmoja wa mdomo, anatafuna taratibu kama anacheua, macho kayafumba nusu. Mate yanadondoka, nyuzi zinakatika mojamoja, tss, tss. Sikumzuia. Nilitaka nione mwisho. Alichukua karibu saa nzima, akaondoka bila hata kugeuka.

#23 Mwalimu Chanika
Samahani mama, mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Atakataje kamba? Mimi nilijua ni punda, teke moja mlango chini.

#24 Bwana Mifugo Tabata
Mwalimu, mama kasema kweli. Mbele juu mbuzi ana ufizi mgumu tu, kama ng'ombe na kondoo. Ndiyo maana kamba kailaza pembeni: magego yapo juu na chini, na yanasaga. Punda ndiye mwenye meno ya mbele pande zote mbili, angeweza kuing'ata, lakini mlango umefungwa kwa nje. Mdomo wa punda haupiti kwenye upenyo, wa mbuzi unapita. Kwa hiyo nionavyo punda alisukuma mlango kwa makalio ukapanuka kidogo, mbuzi akapitisha mdomo akasaga.

Na lingine kuhusu jogoo. Watu wanasema jogoo huwika akiona mwanga. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, wa 2013: waliwaweka majogoo kwenye taa hafifu mchana kutwa na usiku kucha, bado waliwika karibu na saa zao. Ana saa mwilini. Ndiyo maana jogoo akiwika saa nane usiku wazee wetu wanashtuka. Na akiona adui huwa hawiki, ana mlio wa mwewe na mlio wa mnyama wa chini kama nguchiro, na kuku wanaitofautisha. Wakisikia wa mwewe wanajificha, wakisikia wa chini wanasimama wima na kuangaza. Bibi alisema "anawika", lakini hasa alikuwa anaigiza mlio gani? Mama Nuru jaribu kukumbuka, utatusaidia kujua hatari ilitoka juu au chini.

#25 Mama Nuru wa Mbagala
Alikuwa anafanya "kokokokoKOOO", anapandisha mwishoni. Mikono kaikunja kifuani kama mbawa. Nimejaribu hapa na Nuru kacheka.

#26 Bwana Mifugo Tabata
Huo ni wa adui wa chini kabisa. Basi ni chui au fisi au nyoka.

#27 Dada wa Temeke
Au siafu! Mbona mnasahau siafu. Wanakuja usiku, hawana kelele, na mnyama aliyefungwa au aliyefungiwa ndiye wanayemmaliza. Kwa shangazi yangu Mkuranga waliingia banda la kuku. Asubuhi tulikuta mifupa na manyoya tu, na kuku aliyekuwa anaatamia amekaa vilevile juu ya mayai yake, hakunyanyuka. Tangu siku ile shangazi alikuwa anazungushia majivu banda zima kila jioni ya masika. Kuku anayeatamia huwa hatoki wala halii. Hapo sasa naanza kuiacha hoja yangu ya yai, namwona kuku mwenyewe.

#28 Mrufiji Asilia
Kwetu ingekuwa maji. Rufiji ikija haimuulizi mtu, mmeona wenyewe Aprili 2024. Na kwa nini wapande kilima? Siafu hukimbiwi kilimani. Chui anapanda kilima kuliko wewe. Kilima ni cha kukimbilia maji.

#29 Mgogo wa Mjini
Dodoma hiyo ni fisi bila mjadala. Na punda akivamiwa huwa anang'ata na kupiga mateke, ndiyo maana kuna watu wanamweka na mbuzi.

#30 Mtoto wa Jangwani
Nilikuwa nasoma kimya, bandiko la Mrufiji limenifanya niandike.

Desemba 2011 Mto Msimbazi ulituingilia usiku. Wanaokumbuka mafuriko yale wanajua, baadaye wengi wetu tulipelekwa Mabwepande. Mama alikuwa na mbuzi wawili na kuku kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Maji yalipofika kiunoni baba alitubeba kutupeleka juu ya ukuta wa jirani, hakuna aliyekumbuka banda. Mlango wake tulikuwa tunaufunga kwa waya.

Kulipopambazuka niliwaona. Bati moja la ubavuni lilikuwa limefumuka kwa chini, limekunjwa kwenda nje. Mbuzi wote wawili walikuwa wamesimama juu ya rundo la matofali aliyoyafyatua baba, miguu yote minane imekusanyika mahali padogo kama kiti. Na juu ya mgongo wa mbuzi mkubwa walikaa kuku watatu, wamelowa, wametulia. Mbuzi alikuwa anatetemeka lakini hakuwaangusha. Kuku wengine tuliwakosa.

Nani alifumua lile bati sijui mpaka leo. Mama anasema ni nguvu ya maji. Lakini maji yalikuwa yanaingia, bati lilikunjwa kwenda nje. Dada, ukimsimulia mtoto wako mwambie kuku walipanda mbuzi. Mimi niliona.

#31 Mama Nuru wa Mbagala
Kaka, nimesoma hili mara mbili. Pole sana kwa yaliyowapata. Leo nitaliweka.

#32 Baharia Mstaafu Kurasini
Pole mwanangu. Kuku juu ya mbuzi, jogoo juu ya paka. Kule Bremen wamechonga shaba, wewe umeona kwa macho.

#33 Mwalimu Chanika
Pole sana. Wakuu nimebadili mawazo kidogo kuhusu hatari, nakubali maji. Kondoo bado siachi. Na wale watakaosema kondoo anazama kwa uzito wa sufu, hao ni wa Ulaya. Kondoo wetu ana manyoya mafupi.

#34 Mpenda Radio
Kuna mtu anakumbuka kama iliwahi kupita kwenye kipindi cha Mama na Mwana, Radio Tanzania? Sauti ya wimbo ule wa kuhesabu nasikia kama nilisikia redioni, si kwa bibi.

#35 Bi Mkubwa wa Magomeni
Wanangu, hiyo sidhani kama ni ya redio. Mimi nimesimulia hadithi kwa watoto na wajukuu miaka zaidi ya 40, niwaambie siri ya wasimulizi. Mstari wa "asiye na sauti" msimulizi anauweka makusudi. Unaimba, "Mwenye kwato yumo?" watoto wanaitikia "Yumo!" Wakiwa kumi sauti inakuwa nene. Baadaye inapungua. Ukifika "asiye na sauti yumo?" unatazama nani haitikii. Huyo kalala, au ana homa, au kagombana na wenzake mchana. Mimi nilimgundua mjukuu ana malaria kwa kuitikia hadithi tu, sauti yake haikuwepo nikamgusa paji la uso. Mama Nuru, umesema mwenyewe ukifika hapo ulikuwa umeshalala. Bibi yako alikuwa anakuulizia wewe.

#36 Mama Nuru wa Mbagala
Shikamoo bibi. Nimeshindwa kuandika kwa muda hapa.

#37 Bi Mkubwa wa Magomeni
Marahaba mjukuu wangu. Tulia.

#38 Msomaji wa Kariakoo
Shikamoo bibi. Maelezo yako ni mazito, lakini hayafuti mnyama. Hata kama wimbo unatumika hivyo, ndani ya hadithi wanyama wanarudi kumfuata mmoja, na huyo lazima awe na umbo.

#39 Dada wa Temeke
Kweli. Wanarudi kumbeba nani?

#40 Kijana wa Gongo la Mboto
Jamani hadithi hii ikiandikwa kitabu chenye picha nitanunua cha kwanza. Mchoraji wa Tingatinga akipewa wale kuku watatu juu ya mbuzi, na maji ya bluu chini!

#41 Mama wa Kinyerezi
Mbuzi wangu awemo, na kamba yake mdomoni.

#42 Mwalimu Chanika
Mradi wa Vitabu vya Watoto upo tangu 1991, na Mkuki na Nyota nao huchapa vya watoto, mnaweza kuwapelekea. Ila kwanza tujue hadithi inaishaje. Mama Nuru, hakuna ndugu mkubwa aliyekuwa anabaki macho?

#43 Mama Nuru wa Mbagala
Yupo shangazi, bado anaishi Maneromango. Mtandao wa kule unasumbua, ila nitampigia jioni.

#44 Kijana wa Gongo la Mboto
Tunasubiri. Tusilale.

#45 Mama Nuru wa Mbagala
Wakuu nimempata shangazi. Nimeweka sauti kubwa Nuru naye asikie.

Anasema kamba haikukatwa na mbuzi wala punda. Haikuwa ya katani, ilikuwa ya ukindu, na bata ndiye aliyekaa nayo. Maji yalikuwa yanapita chini ya mlango, bata akapiga mbizi akatokea nje, akawa anaivuta kwa mdomo huku kamba imeshalowa. Na wale wa ndani walikuwa wanasukuma kila anapovuta. Mzee Mrufiji, maji umepatia.

Nikamuuliza asiye na sauti ni nani. Kasema ni mbwa. Mbwa mzee. Alikuwa amebweka usiku kucha kumwita mwenye zizi arudi kutoka ngomani, mpaka sauti ikamkauka. Wenzake walipotoka hakuweza kuwaambia kwamba mguu wake umebanwa na mlango.

Nikasema shangazi, mbwa si ana meno, si alishahesabiwa? Akasema, "Mbwa mzee yule meno alikuwa nayo wapi?" Halafu simu ikakatika, na kumpigia tena haipatikani.

#46 Dada wa Temeke
MBWA! Alikuwa mbele ya macho yetu tangu bandiko la kwanza.

#47 Mwalimu Chanika
Basi huko Maneromango ni mbwa. Lakini na makucha je? Wimbo hauna "mwenye makucha yumo?"

#48 Bwana Mifugo Tabata
Angalau bata kapewa kazi yake. Lakini bata wetu si mzamiaji hodari kiasi hicho, muulize shangazi upenyo chini ya mlango ulikuwa mkubwa kiasi gani.

#49 Mrufiji Asilia
Muulize na kobe.

#50 Mama Nuru wa Mbagala
Nitawaulizia yote kesho akipatikana. Umeme umekatika tena, naandika kwa asilimia 4 ya chaji. Nuru keshakaa kitandani ananisubiri, kasema leo anataka kuwa yeye punda, ahesabu yeye.